Mjadala: Bomba la Hoima–Tanga, Ulaya wana haki gani ya kutuzuia?

Mwanatanga: Wakuu, Septemba 2022 Bunge la Ulaya lilitaka bomba letu la mafuta ghafi lisimamishwe. Januari 2023 polisi wa Ujerumani wakawaburuta wanaharakati pale kijiji cha Lützerath ili makaa ya mawe yachimbwe. Kwa nini wao wachimbe, sisi tukatazwe?

Nshomile: Waliitaka TotalEnergies, kampuni ya Kifaransa, isubiri mwaka mmoja ikitafuta njia nyingine, weka sawa hapo. Mafuta ya Uganda yana nta, yakipoa yanaganda, hivyo bomba la kilomita 1,443 lazima lipashwe moto njia nzima, yasishuke chini ya nyuzi 50. Na hisa 62 kwa mia ni za Mfaransa. TPDC, shirika letu la mafuta, 15. Uchumi wa nani unakua?

Mwanatanga: 15 si sifuri. Nyie mnapikia gesi huko Masaki, mama zetu wanapofuka kwa moshi wa mkaa.

Binti Korogwe: Mkaa umeingiaje hapa? Mama yangu kanisomesha kwa mkaa. Anapima kwa kopo, jioni weusi umemganda hadi ndani ya kucha. Usimfanye kisingizio cha bomba.

Mzee wa Pangani: Binti, hakuna aliyemtukana mama. Lakini misitu ya Handeni inakwisha.

Binti Korogwe: Shikamoo mzee. Inakwisha kwa sababu mtungi wa gesi unalipiwa kwa mkupuo, mkaa wa buku unaivisha maharage leo. Januari 2024 taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zilipigwa marufuku kutumia kuni na mkaa. Sawa. Mama ntilie wa kituo cha basi anapikia nini?

Nshomile: Na mafuta ya Hoima hayamsaidii. Ni ya kupakiwa melini Chongoleani, hapo Tanga, yaondoke.

Mwanatanga: Wewe una kahawa na migomba, unaweza kusema hivyo. Tanga tulikuwa na mkonge, tukiongoza duniani. Kamba za plastiki zikaja, mashamba yakawa vichaka. Leo kazi imekuja, mnatuletea nyuzi 50!

Mzee wa Pangani: Mkonge haukuuawa na plastiki peke yake. Baada ya 1967 mashamba yalitaifishwa, yakakosa matunzo. Usipindishe historia.

Mwanatanga: Mzee, kwa hiyo Azimio la Arusha ndilo lililotuua?

Binti Korogwe: Plastiki yenyewe inatokana na mafuta ghafi, Mwanatanga. Jibu hilo kwanza.