Mliosoma au kufundisha hesabu za maamuzi kwa kompyuta huku kusini, tupeane uzoefu

Mwana wa Ruangwa: Wadau, jana nimepita Masasi nikakuta foleni ya malori ya korosho nje ya ghala. Nikakumbuka darasa lile la chuo: mzigo wa nani uende ghala lipi ili nauli iwe ndogo. Mliopita huko, hali ilikuwaje?

Mama Newala: Somo lile lilinitoa jasho. Nafuatilia.

Ticha wa Kusini: Nafundisha chuo, Mtwara mjini. Kundi moja la wanafunzi wangu lilichukua AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) 12 na maghala 3. Hapo una njia 36 za kupeleka mzigo, kila njia na gharama yake kwa tani. Wakaingiza kwenye Excel, wakabonyeza Solver, kile kifaa chake cha kutafuta jibu bora, jibu likatoka palepale. Wakaalika viongozi wa ushirika waje kusikiliza. Katikati ya maelezo, mzee mtunza ghala akauliza: "Wanangu, tani zote hizi mtazilaza wapi?" Kompyuta ilikuwa imerundika karibu mzigo wote kwenye ghala moja, lile lenye barabara nzuri, kwa sababu hakuna aliyeiambia kwamba ghala hujaa! Ukumbi kimya. Msemaji wao machozi yakamlenga. Mara umeme ukakatika, na gesi ya Mnazi Bay iko hapo jirani. Nikashika chaki. Mzee akatutajia ujazo wa kila ghala, magunia yanayopokelewa kwa siku, na mlima wa kwenda Newala ambao mvua ikinyesha lori lenye mzigo linahangaika. Kila alilosema tukaliandika ubaoni kama sharti. Jibu jipya lilikuwa na gharama kubwa zaidi, lakini lilitekelezeka. Siku hizi mwanafunzi wangu hagusi kompyuta kabla hajazungumza na mtunza ghala.

Kijana Shangani: Si yale ya kidato cha nne hayo? Chora mistari, soma pembe, chagua yenye faida. Kompyuta ya nini?

Ticha wa Kusini: Grafu yako inabeba x na y tu. Hapa tuna 36, utachora wapi? Ndiyo kazi ya simplex, mbinu ya hesabu ya Mmarekani George Dantzig, 1947: inatoka pembe hadi pembe ikifuata inayoboresha jibu.

Nangurukuru: Mwanahisabati Kantorovich wa Urusi alishaanza hesabu hizi mwaka 1939, kwa tatizo la kiwanda cha plaiwudi. Nobel ya uchumi ya 1975 alikuwemo yeye, Dantzig hakuwemo. Mpeni haki yake.

Kijana Shangani: Turudi kwenye korosho jamani.

Binti Nachingwea: Mzee yule mtunza ghala apewe darasa afundishe. Mimi nilikwama kwenye ziara: toka Mtwara, pita miji mingine 9 mara moja moja, urudi. Mpangilio 362,880! Ongeza miji 5, unavuka bilioni 87. Hapo nikaelewa kwa nini tunafundishwa kukata mapema matawi, yaani makundi ya mipangilio, yasiyo na tumaini badala ya kuorodhesha yote.

Mikindani Moja: Vijana waanze na Python, lugha ya kuandikia programu, Excel waachane nayo.

Mama Newala: Kaka, usiwapoteze. Karani wa AMCOS anaijua Excel. Hiyo Python ukishaondoka ataifungua nani?

Mikindani Moja: Afundishwe, dada. Karani naye anajifunza.

Mzee wa Mingoyo: Karatasi na penseli kwanza. Na laptopu iwe na chaji.

Mama Newala: Ticha, mwanangu yuko mwaka wa pili. Zile data za maghala anaweza kuzipata afanyie mazoezi?

Ticha wa Kusini: Aje ofisini, mama. Aje na daftari, tutaanzia ghalani.