Maduka ya magemu, acheni kuizika Xbox halafu mseme wateja hawaitaki!

Wakuu, nimeandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Niko Ohio, Marekani, mwaka wa saba sasa. Jumamosi nilimpeleka mwanangu kwenye duka kubwa la vifaa vya elektroniki akanunue pedi ya kuchezea Xbox, ile mashine ya magemu ya Microsoft, kwa hela zake za Idi. Ukiingia tu, ukuta mzima ni PlayStation. Unaofuata ni Nintendo, na mbele yake mashine yao ya Switch 2 imewashwa, watoto wanapokezana kucheza. Xbox ilikuwa kona ya mwisho, jirani na nyaya za printa. Vyuma vya kutundikia bidhaa vilikuwa kumi na viwili, nilivihesabu. Tisa vilikuwa vitupu. Chini kabisa kulikuwa na boksi moja la mashine ya Xbox Series S lililobonyea pembe, na mtoto alipiga magoti ndipo akaweza kulisoma. Pedi hakuna hata moja.

Nikamuuliza kijana wa pale. Akajibu kwa upole tu kwamba siku hizi watu hawazinunui. Jamani, mtu atanunuaje kitu ambacho hamjakiweka?

Nilipanga bidhaa zamu ya usiku kwenye duka la aina hiyo kwa miaka miwili, kwa hiyo najua yule kijana haamui chochote. Mchoro wa rafu unatoka makao makuu, umeandika kila chuma kitundikwe nini. Sehemu nzuri, zile za usawa wa macho na za mwanzo wa safu, mara nyingi kampuni zenye bidhaa ndizo zinazozilipia. Kisha mauzo ya kila sehemu yanapimwa, na kinachouza kidogo kinapunguziwa nafasi. Sasa umeshakitupa kitu miguuni, hukijazi, halafu unakipima! Mchoro unaofuata unakinyang'anya hata ile kona, na lawama anabebeshwa mteja.

Microsoft nao siwatetei. Kwenye mashine yenyewe duka linapata faida kiduchu, hela iko kwenye magemu na pedi. Series S ilitoka Novemba 2020 ikiwa haina sehemu ya CD, kwa hiyo magemu yake unayapata mtandaoni, na Game Pass, huduma yao ya kucheza magemu mengi kwa ada, unailipia kila mwezi umekaa kwenye kochi lako. Mwenye duka anaona akishauza boksi ndiyo basi, hutarudi tena kwake. Hilo naelewa kabisa. Lakini PlayStation 5 (PS5) nayo ipo isiyo na CD, na PS5 Pro ya Novemba 2024 inauzwa bila sehemu hiyo. Mbona ukuta wao haujaguswa?

Na haya hayakuanza leo. Mei 1995 kampuni ya Sega waliitoa mashine yao ya magemu, Saturn, ghafla hapa Marekani, wakawapa kampuni nne tu za maduka. KB Toys, maduka ya vitu vya kuchezea watoto yaliyoachwa nje, wakakasirika na kugoma kuuza bidhaa za Sega. Wakubwa walikuwa wanagombana wao kwa wao, mtoto aliyezoea kununulia gemu zake pale akakuta hamna.

Pedi nimeagiza mtandaoni, imefika Jumatano. Ila mwanangu alitaka aishike kwanza, alinganishe nyeupe na nyekundu, ndiyo maana tulitoka nyumbani siku ile. Alirudi kwenye gari na bahasha yake ya Idi mkononi, hakusema neno njia nzima.

Mlioko Uingereza, Kanada na Ghuba, kwenu rafu zikoje? Wekeni picha hapa tuone.