Kipimo cha AI kikisema insha si yako, chuo kikupe sifuri?

MLETA MADA: Wakuu, tangu ChatGPT, programu ya akili bandia (AI) inayoweza kukuandikia insha, itoke Novemba 2022 walimu wa vyuo tumekimbilia programu za kunasa insha za mashine. Turnitin, wenye programu ya kukagua insha zilizonakiliwa, waliongeza kipimo chao cha AI Aprili 2023, na wapo wenzetu wakiona asilimia imepanda tu, sifuri. Napinga. OpenAI, wenye ChatGPT yenyewe, walikuwa na kipimo chao. Julai 2023 wakakiondoa kwa kukosea mno. Mwezi uliofuata chuo cha Vanderbilt, Marekani, kikazima cha Turnitin. Tena wanaoumia ni watoto wetu. Watafiti wa chuo cha Stanford walipitisha kwenye vipimo 7 insha 91 za TOEFL, mtihani wa Kiingereza kwa watu ambao si lugha yao ya kwanza, na kwa wastani zaidi ya nusu zikaitwa za mashine. Vipimo hivi huangalia kama neno linalofuata linatabirika, na mtu anayeandikia lugha ya kujifunza hushika maneno yaleyale ya kawaida. Sifuri ya nini hapo?

MCHANGIAJI 1: Mkuu, unafundisha wangapi? Stadi za mawasiliano mwaka wa kwanza kwangu ni ukumbi mzima, wengine wamekaa kwenye ngazi. Kuna mmoja kaleta insha ya kurasa nne, juu kabisa kasahau kufuta "Hakika, hii hapa insha uliyoomba". Turudi kwenye kalamu na karatasi, yaishe.

MLETA MADA: Huyo hahitaji kipimo, kajikamatisha mwenyewe! Lakini kalamu ukumbini inapima kasi. Kuandika ni kufuta na kupanga upya, na Google Docs, programu ya kuandikia mtandaoni, inaonyesha hayo kwenye historia ya matoleo: aya ya tatu imepanda juu, mfano umeondolewa, sentensi imevunjwa mbili. Usifungue zote. Fungua unazozitilia shaka, kisha muite mwenyewe akueleze aya moja kwa mdomo.

MCHANGIAJI 2: Shikamooni walimu. Mimi ni mwanafunzi. Wengi wetu kompyuta hatuna. Naandika kwenye simu, sehemu ya kuhifadhi maandishi, bila bando. Nikipata Wi-Fi ya maktaba nabandika yote kwa mkupuo. Hiyo historia itaonyesha insha nzima imetua dakika moja. Halafu Wakenya walikuwa wakilipwa kuwaandikia insha wanafunzi wa Marekani miaka mingi kabla ya ChatGPT. Aliyenunua ya namna hiyo akiinakili polepole, neno kwa neno, historia yake itakuwa safi kuliko yangu. Hapo mwalimu utamuita nani ofisini?