Majirani wa Mwembeni

Mama Neema 06:12
Habari za asubuhi majirani. Lile dubwi, mashine ya kamali ya pale dukani kwa Mangi, nimeshaliandika mara tatu humu, mnasoma mnanyamaza. Jana saa nane mchana watoto wanne wenye sare walikuwa wamelizunguka. Sheria ni miaka 18.

Mama Neema 09:40
Watu 41 mmesoma.

Fundi Hamisi 10:05
Hao watoto wana bahati kuliko Simba 😂

Baba Junior 10:06
Usianze. Yanga mnatuonea wivu

Mama Neema 10:09
Tuache mpira kwanza. Kelvin, wewe ni wakala, waeleze.

Kelvin Wakala 12:31
Mashine inakula sarafu za 200. Mtoto akiingiza 1,000 ikamrudishia 400, inawaka taa na kupiga muziki kama ameshinda. Anahesabu iliyotoka, iliyoingia ameshaisahau. Mzunguko ni sekunde chache, hana muda wa kufikiri. Kesho anataka kurudisha iliyoliwa, ndipo chenji ya unga inaanza kupungua.
Wakubwa kidogo wanabeti kwa laini ya mama. Laini imesajiliwa kwa NIDA ya mtu mzima, basi kampuni inajua mteja ni mtu mzima. Badilisheni PIN, na isiwe mwaka wa kuzaliwa. Angalieni miamala ya usiku ya 500, 500 iliyofuatana. Pigeni *106# muone namba zilizosajiliwa kwa NIDA yenu. Na kufuta programu kwenye simu hakufungi akaunti, waandikieni huduma kwa wateja waifunge.

Mangi Dukani 13:02
Mashine si yangu. Mwenyewe anakuja na funguo kila Ijumaa tunagawana. Mbona wakati wa kuchanga hela ya taa hamkuwa wakali hivi? Nilitoa peke yangu.

Baba Junior 13:04
Hiyo ya taa tulishaimaliza

Mangi Dukani 13:04
Mliimaliza nyie

Mama Neema 13:10
Mangi, leseni ya duka haihusu mashine. Hiyo inatoka Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na hata ukiwa nayo mtoto haruhusiwi kucheza. Tunaandika barua kwa mwenyekiti wa mtaa, nakala kwa Bodi. Piga picha namba ya mashine, sura za watoto zisionekane.

Bi Mwanaidi 16:48
Mangi mwanangu. Baba yako alipofika hapa na gunia moja la chumvi, kibaraza cha kuuzia nilimpa mimi. Sikumpa cha kuchezeshea kamali wajukuu zangu.

Mangi Dukani 17:30
Shikamoo bibi. Nimekusikia. Nizungumze na mwenye mashine Ijumaa.

Bi Mwanaidi 17:33
Marahaba. Ijumaa mbali. Chomoa waya leo.

Mama Neema 19:15
Asante bibi. Barua ipo palepale. Jumamosi saa nne ofisi ya mtaa, nani twende naye?

Fundi Hamisi 21:50
Jumamosi nina kazi Kibaha

Shemeji Rose 22:26
Saa nne asubuhi au usiku?

Mama Neema 22:27
Rose jamani.

Kelvin Wakala 23:04
Nimepita sasa hivi. Waya umechomolewa, ila mashine bado ipo kibarazani.