Tupeane uzoefu: wiki zako za kwanza chuo cha udaktari zilikuwaje, na sandukuni ulikuwa na nini?

Koti Jeupe

Wakuu, habari za usiku. Niko mwaka wa tano wa MD, yaani shahada ya udaktari, Dar es Salaam. Juzi mtoto wa mama yangu mdogo kanipigia simu kutoka Songea, kachaguliwa udaktari, chuo kinafunguliwa mwisho wa Oktoba. Swali lake la kwanza: "Dada, stetoskopu ninunue ya bei gani?" Nikamwambia asinunue. Akanyamaza, nikajua nimemvunja moyo.

Nilipokata simu nikalikumbuka sanduku langu mimi. Lilikuwa na stetoskopu, mashine ya kupimia presha na vitabu vitatu vizito ambavyo baba alivinunua kwa fedha ya mahindi. Stetoskopu ilikaa humo miaka miwili haijaguswa, maana miaka miwili ya mwanzo ni anatomia, fiziolojia, baiokemia, famakolojia na wenzake. Wodini tulihamia rasmi mwaka wa tatu. Vitabu vile vile vilikuwa maktaba, tena matoleo mapya zaidi. Nilichokosa ni godoro, ndoo, na fedha ya kula mwezi mmoja.

Hapo kwenye fedha niseme kwa kirefu, kwa sababu ndipo nilipoumia. Nilikuwa nimepata mkopo, nikadhani bumu, ile fedha ya kujikimu ya mkopo, linanisubiri getini. Haliji hivyo. Unasajiliwa kwanza, na kusajiliwa kunataka vyeti halisi, fomu ya uchunguzi wa afya iliyojazwa na daktari, bima, na ile sehemu ya ada ambayo mkopo haukuigusa. Kisha akaunti yako ya benki ihakikiwe, ndipo usaini. Jina langu la benki na la cheti vilipishana herufi moja. Herufi moja ilinigharimu wiki tano. Hosteli zilikuwa zimejaa. Dalali akanipeleka kwenye chumba, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na dalali naye anataka ya mwezi mmoja yake. Nikalala chini kwa msichana niliyekutana naye kwenye foleni ya usajili. Chakula kikawa pasi ndefu: chai asubuhi, jioni wali maharage, katikati maji.

Tangu mwaka wa masomo 2022/2023 fedha ya chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku, na hutoka kwa mafungu ya siku kama 60. Ukishika 600,000 kwa mara ya kwanza maishani unaziona nyingi. Toa kodi humo, toa madesa (notsi za masomo) ya kutoa kopi, toa nauli, halafu uzihesabu tena. Mdogo wangu nimemwambia aje na fedha ya kula mwezi mzima isiyotegemea mkopo hata senti, na leo hii aende benki na cheti chake cha kuzaliwa mkononi alinganishe majina.

Sasa naomba kwenu. Sitaki ushauri wa jumla, nataka kisa chako mwenyewe: nini kilikukuta, na ungejua mapema ungefanyaje. Nitampa ausome uzi wote.

Ukhti wa Tanga

Dada, Mungu akulipe kwa kuufungua huu uzi. Mimi hofu yangu ilikuwa chumba cha diseksheni, pale tunapopasua maiti ili kujifunza, na sikuwa na wa kumwambia. Nyumbani maiti ni kitu cha kusitiriwa haraka, anaoshwa, anasaliwa, anazikwa. Bibi yangu aliponiuliza "mtawapasua watu?" sikumjibu.

Siku yenyewe tulikuwa kumi kwenye meza moja. Kadava, yaani maiti ya kujifunzia, amefunikwa, tumeanza na mgongo, uso hatuuoni. Nikasema mbona kawaida. Kilichonisumbua ni formalini, dawa ya kuhifadhia maiti, macho yanachuruzika, pua inawaka. Basi nikajiona nimepita. Wiki ya tatu tukafika mkono. Mwalimu alipoufunua ule mkono nikaona kucha. Kucha ya kidole gumba ilikuwa na ufa, kama ya mtu wa jembe, kama ya babu yangu. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Hakuna aliyenicheka, na baada ya dakika chache alinifuata kaka mmoja wa meza yetu, naye akakaa, kumbe yeye alitapika wiki ya kwanza na alikuwa ameficha.

Baadaye nikaenda kwa mwalimu wangu wa madrasa nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nimuombee yule mtu kila ninapoingia na nisimfanyie mzaha. Nimefanya hivyo mwaka mzima. Kama una swali la dini juu ya jambo hili, mpelekee mtu unayemwamini kabla hujafungua chuo, usilibebe peke yako mpaka mezani.

Mambo madogo: harufu ya formalini inashika nguo. Tenga mtandio wa diseksheni tu, uubane ndani ya koti usining'inie, ukitoka uuweke kwenye mfuko wake. Makoti yawe mawili, moja linafuliwa jingine linavaliwa. Ukiingia umekula kitu chepesi ni bora kuliko tumbo tupu. Wenzetu wawili waliodondoka hawakuwa wamekunywa hata chai. Na kama unavaa lensi za macho, siku hiyo vaa miwani.

Mwana wa Tukuyu

Mimi nilikuwa wa kwanza tangu darasa la tatu. Kidato cha sita, PCB (fizikia, kemia na baiolojia), nilitoka na daraja la kwanza pointi nne. Nayasema haya ili mdogo wetu aelewe kilichonipata.

Shuleni nilikuwa nasoma peke yangu usiku, nakariri daftari, mtihani unakuja kama daftari lilivyo. Chuo nikaendelea hivyohivyo. Mhadhara mmoja wa baiokemia unakuwa na slaidi themanini, kesho unakuja mwingine, mimi bado nakariri ule wa juzi. Kufika wiki ya sita nilikuwa nyuma mihadhara kumi na saba, niliihesabu. Nikaacha kulala. Nikaacha kwenda kanisani. Nyumbani wakipiga simu nasema "naendelea vizuri".

Nikapata sapu mbili, baiokemia na fiziolojia. Wenzangu wakafunga chuo wakaenda makwao, mimi nikabaki hosteli nasubiri mitihani ya marudio. Ukianguka hapo unarudia mwaka au unadisko, yaani unaondolewa chuo. Usiku mmoja nilikaa kitandani nikaona kama sina kazi tena duniani. Aliyeniokoa ni mlinzi wa hosteli, mzee wa makamo, aliyeona taa yangu haizimwi akaja kugonga, akanikalisha nje tukanywa kahawa. Kesho yake nikaenda kwa mshauri wa wanafunzi. Ofisi hiyo niliipita kila siku bila kujua ni ya nini.

Baada ya hapo nilibadili namna ya kusoma. Tukawa watu wanne. Kila mmoja anaandaa mada moja, anawafundisha wengine ubaoni bila kuangalia karatasi. Pale anapokwama ndipo tunapofungua kitabu wote. Brakio pleksasi, ule mtandao wa neva za mkono unaoanzia mizizi ya C5 mpaka T1, niliuchora kwa chaki nyuma ya mlango kila asubuhi kabla sijapiga mswaki. Siku kumi za mwanzo nilikosea. Leo ukiniamsha saa nane za usiku nitauchora. Na pasti pepa, mitihani ya miaka iliyopita, zikawa za kuanzia, badala ya kuzingoja wiki ya mwisho: nazisoma kabla ya mada ili nijue mwalimu huuliza nini.

Sapu zote nilitoka. Sasa niko mwaka wa nne. Mdogo wangu, ukifeli testi ya kwanza mwambie mtu wiki hiyohiyo.

Mzazi Mmoja

Nimesoma kisa cha huyu kijana wa Tukuyu mara mbili, nimelia. Wa kwangu alipata sapu mwaka jana, nikaja kujua baada ya miezi minne kupitia kwa rafiki yake. Nilipomuuliza akasema, "Baba, kijijini kote unaniita daktari, ningekuambiaje?" Ni kweli. Nilianza kumwita daktari siku barua ilipotoka. Akija likizo majirani wanamletea vidonda na karatasi za vipimo, yeye yuko mwaka wa kwanza, na mimi najiona fahari. Sikujua nilikuwa nambebesha nini. Sasa namwita kwa jina lake, na nikipiga simu naanza kuuliza amekula nini.

Koti Jeupe

Shikamoo mzazi. Umenisaidia sana, hili la majirani mama mdogo lazima alisikie kabla ya kijana wake. Asante.

Tabibu wa Zamu

Habari za humu. Mimi nimeingia kwa mlango mwingine. Nilikuwa na stashahada ya utabibu, nimefanya kazi kituo cha afya miaka saba, nina watoto wawili. Nilirudi MD nikiwa na miaka 33.

Kwa wenzangu wanaotoka kazini: uzoefu utakusaidia ukifika wodini, lakini mwaka wa kwanza unaweza kukuponza. Nilikuwa nasikia mada naona naijua, kumbe naijua dawa yake, sijui kwa nini inafanya kazi. Mzunguko wa Krebs, ile mada ya seli kutengeneza nishati, nilifundishwa na binti wa miaka 19 na sikuona aibu. Yeye nikamfundisha kutafuta mshipa wa kuchomea. Kabla ya kuacha kazi hakikisha ruhusa ya mwajiri iko kwenye maandishi, na mwenzi wako ajue ni miaka mitano na mwaka mmoja wa mafunzo ya kazi baada yake. Sisi tuliandika bajeti ya miaka yote sita kwenye daftari moja, mke wangu ndiye mtunzaji.

Sasa la wote, na naomba lisipitwe. Chanjo ya homa ya ini B. Kituoni kwangu nilijichoma sindano niliyotoka kumchomea mgonjwa, zamu ya usiku, nimechoka. Sikuwa nimechanjwa. Dawa za kuzuia VVU zipo, na zinatakiwa kuanza mapema, ikiwezekana saa hizohizo, zisipite saa 72. Nilizimeza siku 28 na zilinitesa tumbo. Kuhusu homa ya ini nilikaa miezi nasubiri majibu. Chanjo ni dozi tatu: ya kwanza leo, ya pili baada ya mwezi, ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza. Ukianza sasa kabla hujaondoka nyumbani, utakapoingia wodini hilo utakuwa umelimaliza zamani. Kadi ya chanjo itunze pamoja na vyeti.

Mto Sosiani

Salamu kutoka Eldoret. Kwetu ni miaka sita, na tangu mwaka wa kwanza tunajifunza kwa kesi: mnapewa kisa cha mgonjwa, mnajigawia maswali, mnarudi kufundishana. Aliyezoea kunyamaza darasani atapata taabu. Mimi nilikuwa mmoja wao, na ilinichukua muhula mzima kuinua mkono. Zoea kusema kabla hujafika, hata kama ni kanisani kusoma matangazo.

Mwanza Mawe

Naongeza moja ambalo halimo kwenye orodha yoyote niliyowahi kupewa: Kiswahili.

Tunasoma kila kitu kwa Kiingereza, tunafaulu kwa Kiingereza, halafu mgonjwa wa kwanza anakaa mbele yako anasema ana chango. Mimi nimekulia mjini, nikamuuliza tena, akasema chango, linapanda na kushuka. Sikujua kama anazungumzia tumbo la hedhi, minyoo au kitu gani. Mwaka huohuo nilimuuliza mama wa miaka kama sitini, mbele ya mkwewe, "unakojoa vizuri?" Mama aligeuza uso ukutani na sikupata jibu jingine lolote kwake. Muuguzi mkunga akaja, akainama, akamuuliza kwa sauti ya chini, "Shikamoo mama. Haja ndogo inatoka bila shida?" Mama akaeleza yote, mpaka la homa ya usiku ambalo sisi watu sita wa raundi hatukulipata.

Tangu siku hiyo nina kidaftari. Naandika wagonjwa wanavyosema: moyo unaenda mbio, mwili umekosa nguvu, ganzi, kichomi, presha ya kushuka, tumbo limejaa gesi. Mbele naandika niulize nini ili nijue wanamaanisha nini. Mwaka wa kwanza ndio wakati wa kukianza, kwa sababu bado unaongea kama watu wa nyumbani. Muulize bibi yako magonjwa anayaitaje.

Koti Jeupe

Mwanza Mawe, hilo la kidaftari naliiba kuanzia kesho na mimi mwenyewe.

Mgeni wa Oktoba

Shikamooni wote. Mimi ndiye wa Songea, dada kanitumia huu uzi nikausoma mpaka saa saba usiku. Leo asubuhi nimeenda benki, jina la kati limeandikwa tofauti na la cheti, wamenipa fomu ya kurekebisha. Kutoka hapo nimepita hospitali nikachanjwa ile dozi ya kwanza, ya pili nitakuwa nimeshafika chuoni. Stetoskopu nimeitoa kwenye orodha, nimeandika godoro. Ukhti wa Tanga, nina swali: huo mtandio wa diseksheni uwe wa kitambaa gani?

Ukhti wa Tanga

Pamba nyepesi, mdogo wangu, usiwe wa kuteleza. Rangi yoyote inayovumilia maji ya moto, kwa sababu utaufua sana. Chukua miwili. Na ukifika chuoni ukikosa pa kulala, andika hapahapa.