Mbona ngoma za Mexico zimeshika hivi huku Kisumu?

kinyozi_kondele:
Wasee niko na kinyozi hapa Kondele, zamani wateja walikuwa wananiambia weka ohangla ama rumba, siku hizi kijana anaingia anasema buda niunganishie simu kwa spika, anaweka Peso Pluma, yule mwimbaji wa Mexico, na Kihispania hajui hata neno moja! Mimi pia nimezipenda lakini sielewi, hizi zote ni mariachi ama? Na nini inatuvuta hivi?

nyar_kisumo:
Sio zote bana. Mariachi ni ya pande za Jalisco, magharibi mwa Mexico, wana violini, tarumbeta, vihuela (gitaa ndogo) na ile gitaa ya tumbo kubwa, guitarrón, UNESCO waliiweka kwa orodha ya urithi 2011. Norteño ni ya kaskazini, hiyo ndio iko na akodioni, ililetwa na Wajerumani waliohamia Texas na kaskazini mwa Mexico karne ya 19. Sasa mtu wa Kisumu akisikia akodioni si hiyo ni onanda tu, ile ngoma yetu ya Kijaluo ya akodioni! Nilimwekea mamangu norteño moja, mabega yakaanza kucheza kabla hajauliza ni ya nani.

fundi_nax:
Mimi natengeneza gitaa hapa Nakuru. Hiyo guitarrón nimeiangalia kwa video polepole, shingo haina vile vyuma vya kubonyezea, nyuzi ni 6, na jamaa anavuta mbili kwa pamoja, noti ile ile moja chini moja juu, ndio maana besi inajaa bila umeme wowote. Peso Pluma naye ni corridos tumbados, yaani corrido (nyimbo za hadithi) za kisasa, gitaa ya nyuzi 12 na trombone. 2023 ile yake na bendi ya Eslabon Armado, "Ella Baila Sola", ilifika namba 4 kwa chati kubwa ya Marekani, Billboard Hot 100, na imeimbwa Kihispania tupu.

jaduong_milimani:
Mmesahau pakruok, ile yetu ya kujisifu ndani ya ngoma! Mexico City kuna mahali inaitwa Plaza Garibaldi, mariachi wanakusubiri hapo na vyombo, unalipa kwa wimbo, unaimbiwa mama ama mpenzi wako. Huku kwetu unasimamisha muziki unatoa pesa unajisifu mwenyewe, lakini raha ni ile ile, jina lako liko ndani ya ngoma. Na corrido ni hadithi ya mtu, alitoka wapi, alifanya nini, kama tu mjaluo akiimba rafiki yake. Lakini kinyozi angalia maneno, corrido zingine zinasifu wauza dawa za kulevya, na wewe unanyoa watoto hapo, soma tafsiri kwanza.

kinyozi_kondele:
Asante sana mzee, hiyo ya watoto sikuwa nimefikiria kabisa. Jumamosi nitaanza na norteño wazee wakiwa kwa kiti. Fundi nitumie hiyo video.