Siku 90 bila mashtaka: Katiba yetu inaruhusu?

MhadhiriMzee
Nawauliza wenzangu wa sheria hapa Kenya. Kifungu cha 33 cha Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012 kinampa hakimu uwezo wa kumrudisha mshukiwa rumande tena na tena, mradi siku zote zisipite 90. Katiba, Kifungu cha 49, inataka aliyekamatwa afikishwe kortini ndani ya saa 24, na akifika mara ya kwanza ashtakiwe, au aelezwe sababu ya kuendelea kuzuiliwa, au aachiliwe. Wanaotetea siku 90 wameyashika hayo maneno ya kati, "aelezwe sababu". Mimi naona hayawezi kubeba miezi 3. Kumzuia mtu siku 2 ili simu yake ikaguliwe, naelewa. Siku ya 80 lazima kuwe na sababu nyingine kabisa. Ni ipi?

ZamaniMashtaka
Mwalimu, shikamoo. Nimesimamia kesi hizi miaka mingi upande wa serikali. Shahidi yuko Mandera na anahofia maisha yake, simu haifunguki, pesa zimepita kwa hawala, yaani mawakala nje ya benki, nchi 3. Saa 24 zitafanya nini hapo? Na hakimu yupo, kila ombi linamfikia kwa kiapo cha maandishi. Asiye na la kuficha haogopi kuulizwa kitambulisho wala kulala ndani siku chache.

BintiGarissa
"Kuulizwa kitambulisho." Bwana mashtaka, unajua mimi nilikipata changu nikiwa na miaka mingapi? 23. Wenzangu wa shule ya upili waliotoka bara walikipata wakiwa na 18, kwa wiki chache. Mimi, Msomali wa Kenya, nilipigwa msasa wa uraia mbele ya meza ya wazee, nikatakiwa nitaje babu wa babu yangu na kisima walichonyweshea ngamia. Cheti cha kuzaliwa ninacho, shahada ya sheria ninayo. Usiniambie habari ya kuogopa.

MwakaWaNne
Dada BintiGarissa yuko sawa. Na ndiyo maana Mahakama Kuu ilifuta yote ile sheria ya 2014 iliyorekebisha sheria za usalama, hii ya ugaidi ikiwemo, mwaka 2015.

WakiliTudor
Kijana, haikufutwa yote. Muswada ulipita Desemba 2014 katikati ya vurugu bungeni, ukatiwa saini kesho yake. Muungano wa upinzani, CORD, ukaenda kortini, na majaji 5 wakatoa uamuzi Februari 2015. Walifuta vifungu 8 tu. Kimojawapo kilikuwa kile cha kuweka kikomo cha wakimbizi 150,000 nchi nzima. Kingine kilikuwa cha kuwafunga watu kwa kuchapisha habari zinazoweza kueleweka kama kuhimiza ugaidi. Vilivyobaki viliendelea kutumika. Ukienda kortini na hayo ya "yote" hakimu atakukalisha chini.

MwakaWaNne
Nimekosea, nakubali. Lakini waliofuta ni majaji wale wale wanaotazama kiapo cha kuomba siku 90, kwa hiyo Bwana Mashtaka ana hoja kwamba mahakama ipo.

WakiliTudor
Si wale wale. Kiapo kinakwenda kwa hakimu, asubuhi ambayo ana faili 40 mezani. Nikuoneshe kimoja nilichokijibu. Ukurasa mmoja na nusu. Tarehe ya kwanza imekatwa kwa kalamu, juu yake imeandikwa nyingine kwa mkono, maneno mengine yote ni yale ya ombi la mwezi uliopita, hata kosa la tahajia katika jina la mtaa limebaki. Mteja wangu amesimama kizimbani ameshika suruali kwa mkono mmoja kwa sababu mkanda wamemnyang'anya. Nilipewa dakika 5. Hiyo ndiyo "mahakama ipo".

ZamaniMashtaka
Wakili, mnazungumza kama watu ambao hawajazika. Aprili 2015 nilisimama nje ya mochari ya Chiromo na jirani yangu, mwanawe alikuwa mmoja wa wale 148 waliouawa na magaidi Chuo Kikuu cha Garissa. Tulisubiri siku 3. Alimtambua kwa soksi. Kabla ya hapo jengo la maduka la Westgate, watu 67. Mandera, abiria 28 wa basi, wiki mbili hazijaisha wakauawa wachimba mawe 36. Mkitaja suruali, tajeni na soksi.

BintiGarissa
Usinifundishe kuzika. Garissa ni kwetu. Siku ile ya chuo, watu wa mtaa wetu walitoa damu hospitalini. Mwaka mmoja nyuma, wakati wa msako wa Eastleigh, binamu yangu alichukuliwa dukani kwake na kupelekwa uwanja wa Kasarani pamoja na maelfu. Kitambulisho alikuwa nacho mfukoni. Askari alikitazama, akamwambia ni cha kununua. Kilikuwa halali, na hakikumsaidia kitu. Wazazi wetu walipitia vivyo hivyo 1989, msako wa Wasomali wa Kenya na zile kadi za rangi ya waridi walizopewa waliothibitishwa kuwa raia.

MwakaWaNne
Si rais alifuta huo msasa Februari 2025, akiwa Wajir?

BintiGarissa
Alitangaza, na mama yangu alilia. Lakini tangazo linaondolewa na tangazo. Mimi nataka liwe ndani ya sheria ya usajili, na linalotakiwa kwa kijana wa Nyeri liwe hilo hilo kwa kijana wa Ijara.

MhadhiriMzee
Ndugu zangu, vitambulisho tuvifungulie mjadala wake. Nimeuliza kuhusu siku ya 80. Na hili si la Wasomali wala Waislamu peke yao sasa. Mwaka 2025 vijana walioandamana walifikishwa mahakama ya Kahawa, ile ya kesi za ugaidi, kwa sheria hii hii ya ugaidi. Kifungu cha 37 cha Katiba kinawapa haki ya kuandamana kwa amani bila silaha. Aliyechoma kituo ashtakiwe kwa kuchoma. Neno ugaidi linaingiaje?

ZamaniMashtaka
Hapo kwa vijana niko nawe, Mwalimu. Mimi nisingesaini mashtaka hayo. Na la siku ya 80 nitakujibu kwa sababu umeuliza mara mbili. Niliwahi kuomba kuongezewa muda kwa kiapo kisichokuwa na jambo jipya. Tulikuwa tunangoja ripoti ya simu kutoka nje ya nchi, haikuja. Mtu yule aliachiliwa siku ya 61 bila shtaka. Alikuwa fundi wa cherehani.

MwakaWaNne
Lakini Bwana Mashtaka, serikali si lazima ijue nani raia na nani si raia, mpaka wetu na Somalia ukiwa vile ulivyo?

BintiGarissa
Mpaka wetu na Tanzania nao uko vipi? Wamasai wanavuka kila siku na ng'ombe. Nani kawauliza kisima cha babu?

WakiliTudor
Kijana, mtu amesema siku ya 61, fundi wa cherehani, na wewe unarudi kwenye mpaka. Bwana Mashtaka, alilipwa fidia?

ZamaniMashtaka
Hakudai. Na sisi hatukumwambia kwamba anaweza.